Kozi Utaijua kwa Maswali Yake

Ukiandika kwenye simu kwamba unatafuta kozi ya uhandisi ya chuo kikuu, cha kwanza kukujia ni matangazo. Moja linakuahidi utakuwa mhandisi ndani ya miezi mitatu. Jingine lina picha ya kijana mwenye helmeti nyeupe, ameshika mchoro ambao ukiutazama vizuri ni ramani ya nyumba ya vyumba viwili. Vyuo vyenyewe vinaanza kuonekana chini kabisa, ukishateremsha mpaka kidole kichoke. Usiingilie mlango huo. Kabla hujatafuta chochote, jiulize unachotaka ni kipi: maarifa, cheti au shahada. Gharama za hivyo vitatu hazikaribiani, na masharti yake hayafanani. Wengi wanaolalamika kwamba wameliwa fedha zao mtandaoni hawakutapeliwa na mtu. Walitaka maarifa wakanunua cheti, au walitaka shahada wakajikusanyia vyeti kumi ambavyo hakuna ofisi inayovijumlisha.

Tuanze na maarifa, maana huko ndiko kwenye hazina. Aprili 2001 chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza kwamba kitaweka vifaa vyake vya kufundishia mtandaoni, bure, kwa yeyote. Mpango huo unaitwa OpenCourseWare, na leo una kozi zaidi ya 2,500. Hujisajili, huwekewi nywila, huulizwi namba ya kadi ya benki. Cheti nacho hupewi, na nadhani hiyo ndiyo sababu watu wengi wanaupita kama hawauoni.

Chukua fundi umeme mwenye stashahada, anayefunga paneli za sola na kutengeneza inveta, ambaye sasa anataka kuielewa saketi kwa kiwango cha mhandisi. Afungue kozi namba 6.002, Saketi na Elektroniki, iliyofundishwa na Anant Agarwal. Mkono utamtuma abonyeze video ya kwanza. Auzuie, abonyeze silabasi. Hapo ataona mambo ambayo video haiwezi kumwambia: kwamba mwanafunzi anatarajiwa awe ameshasoma fizikia ya umeme na sumaku, na kwamba milinganyo ya difrensho awe ameisoma au anaisoma sambamba. Mhadhara wa kwanza wenyewe unaanzia kwa milinganyo ya Maxwell, halafu unaonyesha ni kwa masharti gani mhandisi anaruhusiwa kuiweka kando akabaki na kanuni za Kirchhoff. Fundi ambaye hesabu aliziacha kidato cha nne atakwama kabla mwalimu hajafuta ubao, na atajiona hana akili. Akili anayo. Amepandia ngazi katikati tu.

Kwa hiyo ashuke. Milinganyo ya difrensho ni 18.03, na chini yake kuna kalkulasi, 18.01. Umeme na sumaku ni 8.02. Namba hizi zinafaa kuzoewa: 1 ni uhandisi wa ujenzi, 2 ni mitambo, 6 ni umeme na kompyuta, 8 ni fizikia, 10 ni uhandisi wa kemikali, 18 ni hisabati. (Mwaka 2022 idara ya 6 ilibadili namba zake, lakini kozi za zamani utazikuta kwa namba za zamani.) Ukiona namba imeishia na herufi SC, kama 18.01SC au 18.03SC, hiyo imepangwa mahususi kwa mtu anayejisomea peke yake, na ina video fupi za wasaidizi wakikokotoa maswali hatua kwa hatua. Anayejisomea bila mwalimu aanzie kwenye hizo. Vitabu vya kusindikiza vipo OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice: fizikia ya chuo kikuu juzuu tatu, kalkulasi juzuu tatu, kemia pia, vyote kwa PDF na bila senti.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa nimelikalia kuandika. Kozi ya sayansi au uhandisi usiipime kwa video zake. Ipime kwa maswali yake. Fungua sehemu ya mazoezi na mitihani kabla ya kusikiliza neno hata moja la mwalimu. Je, kuna seti za maswali za kila wiki? Zina majibu yenye njia, au jibu la mwisho tu? Kuna mitihani ya miaka iliyopita? Kama hakuna chochote kati ya hivyo, ulichopata ni mhadhara, na mhadhara ni burudani nzuri ya jioni. Mwalimu mwenye ulimi mtamu ana hatari yake: ukimsikiliza unatikisa kichwa, kila mstari unaonekana wazi, kisha unafunga simu ukiamini umeelewa. Chukua kalamu, jaribu swali la tatu la wiki hiyo, ndipo utajua ulichoelewa ni kiasi gani.

Kipimo hicho hicho kinakusaidia kujua kama kozi ni ya kiwango chako. Chukua seti ya maswali ya wiki ya kwanza, jipe saa mbili, daftari na kalamu. Ukiyamaliza yote bila jasho, kozi hiyo ni ya chini kwako, ruka mbele. Ukishindwa yote, na majibu ukiyasoma huelewi hata alama zilizotumika, shuka kozi moja. Ukipata nusu na nusu nyingine ukaielewa baada ya kusoma njia, hapo ndipo pako.

Kuna takwimu moja inayofaa kuwekwa mezani. Kozi hiyo hiyo ya saketi ilipogeuzwa kuwa kozi ya wazi yenye mitihani mwaka 2012, ikiwa ya kwanza kabisa katika mradi uliokuja kuzaa jukwaa la kozi la edX, watu 154,763 walijiandikisha. Waliopata cheti ni 7,157, hawafiki watano katika kila mia. Wengi wa waliobaki walikuja kuchungulia tu, na kuchungulia si dhambi. Lakini usijidanganye kwamba kujiandikisha ni kuanza. Mtu mwenye kazi na familia akichukua kozi moja ya hesabu na moja ya fani kwa wakati mmoja, amejaza sahani.

Baada ya MIT, mahali ninapopeleka watu wa uhandisi mara nyingi zaidi ni India. Mradi wa NPTEL ulianzishwa mwaka 2003 na vyuo vya teknolojia vya IIT pamoja na taasisi ya IISc ya Bangalore, na kwa masomo ya ujenzi, mitambo na umeme sijui pengine palipo na kina kama hicho bila malipo. Unataka mekanika ya udongo, mashine za umeme, uhamishaji joto, mifumo ya kudhibiti? Vyote vipo, mara nyingi kwa walimu zaidi ya mmoja, kwa hiyo usipomwelewa huyu unahamia kwa yule. Mpangilio wake unafanana na vyuo vyetu kuliko ule wa Marekani: mada kwa mada, ubao, fomula, mfano, swali. Video nyingi hazina madoido, sauti nyingine inakwaruza, na lafudhi itakuchukua siku chache kuizoea. Vumilia. Kozi zake za wiki 4, 8 au 12 zinaruhusu kujiandikisha bure, lakini cheti hutolewa kwa mtihani wa kukaa kituoni, na vituo hivyo viko India. Kwa mtu wa Mwanza au Kisumu maana yake ni kusoma bila cheti. Hata hivyo, kimojawapo cha vyuo hivyo, IIT Madras, kilifungua tawi Zanzibar mwaka 2023. Tawi hilo ni la kuhudhuria darasani, ila anayevutiwa na walimu wa namna hiyo ajue wameshavuka bahari.

Namna ya kutafuta nayo ina ufundi wake. Maneno ya jumla hukuletea matangazo, jina kamili la somo hukuletea vyuo. Andika jina la somo kama linavyoandikwa kwenye prospektasi ya chuo, kwa Kiingereza, maana kozi nyingi ziko kwa lugha hiyo, kisha ongeza maneno "problem set" na mwishoni filetype:pdf. Ukiongeza site:edu utabaki na vyuo vya Marekani, ukiweka site:ac.uk utabaki na vya Uingereza. Kwa njia hii utagundua kwamba maprofesa wengi wanaacha kurasa za madarasa yao wazi, na maswali na majibu yake, bila kuzitangaza popote. Na kama una prospektasi ya chuo cha hapa kwetu kinachofundisha fani yako, ichukue ikuongoze: orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza hadi wa nne imeshapangwa na watu wanaojua kipi kinatangulia kipi. Wewe unatafuta tu mwalimu wa kila somo. Kwa anayependelea kuona kozi za majukwaa yote mahali pamoja, Class Central ni katalogi nzuri, na maoni ya waliosoma yapo chini ya kila kozi. Soma maoni mabaya kwanza.

Umri wa kozi usikutishe, mradi ujue unasoma nini. Mihadhara ya aljebra ya matriksi ya Gilbert Strang, 18.06, ilirekodiwa mwaka 1999 kwa chaki na ubao, picha yake imefifia, na bado ni miongoni mwa mafunzo bora kabisa ya somo hilo. Mzee mwenyewe alistaafu mwaka 2023. Matriksi hazijabadilika. Lakini kozi ya sola, ya betri au ya ujifunzaji wa mashine iliyorekodiwa miaka kumi na tano iliyopita itakufundisha bei, vifaa na programu ambazo hazipo tena.

Lipo jambo jingine ambalo wageni wa kozi za nje hawaambiwi, nalo limewaumiza mafundi wazuri. Sayansi ni moja duniani, ila viwango vya uhandisi vina uraia. Umeme wa Marekani una masafa ya hezi 60, wetu una 50. Katika kozi ya Marekani utafundishwa kwamba mota ya poli nne ina kasi sinkronia ya mizunguko 1,800 kwa dakika. Fomula ni 120 mara masafa, gawanya kwa idadi ya poli. Ukiikokotoa kwa umeme wa kwetu unapata 1,500. Anayekariri namba badala ya fomula atakwenda kiwandani na jibu la Ohio. Volteji ya soketi ni tofauti, rangi za nyaya ni tofauti. Kwenye ujenzi ni hivyo hivyo: kozi ya zege ya NPTEL inafuata kanuni ya India, IS 456, ya Marekani inafuata ACI 318, na mara nyingi inapima kwa futi na pauni, ofisi nyingi za huku zimekulia kwenye BS 8110 ya Uingereza, ambayo Waingereza wenyewe waliiacha mwaka 2010 wakahamia Eurocode. Jifunze kwao kwa nini nondo inawekwa upande wa boriti unaovutika. Kwa kipenyo na nafasi kati ya nondo, fungua kanuni inayotumika ofisini kwako.

Maabara ndiyo kidonda cha kusoma uhandisi mtandaoni, na sitaki kukifunika. Hakuna video itakayokufundisha harufu ya kapasita iliyoungua. Hata hivyo kuna cha kufanya. Kwa saketi, kompyuta mpakato ya kawaida inaendesha LTspice bila malipo, na KiCad kwa kuchora bodi. MATLAB ina bei, lakini Octave inasoma sehemu kubwa ya misimbo yake na ni bure. FreeCAD inatosha kuanzia michoro ya mitambo. Kwa wanaoanza fizikia, kuna PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia mwenye Nobeli. Majaribio yake ya kwenye skrini yanaendeshwa hata kwa simu, na kadhaa yametafsiriwa kwa Kiswahili. Ile ya kuunda saketi inakuruhusu kuunganisha betri, swichi na balbu, na ukipiga shoti utaona moto. Baada ya hapo nunua multimita, bredibodi na vifaa vichache vya Arduino, au zungumza na chuo cha ufundi kilicho karibu wakuruhusu kutumia karakana siku zisizo na wanafunzi. Ukienda na seti ya maswali mkononi na orodha ya vipimo unavyotaka kuchukua, watakusikiliza zaidi kuliko ukienda kuomba "kujifunza kidogo".

Kwa sola, ambayo naulizwa kuliko kitu kingine chochote, nenda TU Delft ya Uholanzi. Kozi yao ya nishati ya jua iliyofundishwa na Arno Smets iko edX tangu 2013, na kitabu chake kinachoitwa Solar Energy kinapatikana bure kwa nakala ya kielektroniki. Ni kizito, kinaanza na fizikia ya nusu-kipitishi, lakini sehemu ya kusanifu mfumo, kuanzia mzigo wa nyumba hadi ukubwa wa betri, inaweza kusomwa na fundi mwenye hesabu za kawaida.

Bando. Kozi ya Strang ina mihadhara 34. Ukikadiria megabaiti 150 kwa mhadhara mmoja wa picha ya chini, jumla inapita kidogo gigabaiti 5. Usiitazame moja kwa moja kwa kifurushi cha siku. Kozi za OpenCourseWare zina kitufe cha kupakua kozi nzima. Pakua usiku kwa bando la usiku, au nenda maktaba au chuo chenye intaneti ya bure, weka kwenye flashi, sambaza kwa wenzako. Leseni yake inaruhusu kunakili na kugawa mradi hufanyi biashara. Na video zikikushinda kabisa, silabasi, maandiko ya mihadhara na seti za maswali vyote kwa pamoja ni megabaiti chache, navyo ndivyo nyama ya kozi. Kupakua kuna faida nyingine: kilicho mtandaoni huondolewa bila kukuuliza. Coursera walipofunga jukwaa lao la zamani mwaka 2016, kozi nyingi nzuri zilipotea nalo.

Kuhusu vyeti nitapita haraka. Coursera na edX hukuruhusu kusoma sehemu ya kozi bure na hulipisha cheti, na kiasi cha sehemu hiyo ya bure kimekuwa kikipungua. Zote mbili zina utaratibu wa kuomba msaada wa ada. Unajaza fomu, unaeleza hali yako kwa ukweli, unasubiri. Kozi ya utangulizi wa sayansi ya kompyuta ya Harvard, CS50, ina cheti cha bure ukiifanya kwenye tovuti yao wenyewe, wakati kile cha edX kinalipiwa. Wengi hulipa bila kujua. OpenLearn ya Chuo Kikuu Huria cha Uingereza na Saylor Academy nao hutoa vyeti vya bure. Kwenye programu za kompyuta, mwajiri atataka kuona kazi zako kuliko karatasi. Kwenye uhandisi wa ujenzi na umeme, cheti cha kozi moja kinapamba wasifu wako, basi.

Shahada ni habari nyingine. Hapa nyumbani kuna Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, chenye kitivo cha sayansi na teknolojia, na Kenya wamefungua Chuo Kikuu Huria cha kwao mwaka 2023, huko Konza, kikiwa na shahada za sayansi ya data na usalama wa mitandao. Afrika Kusini kuna UNISA, inayofundisha kwa masafa tangu 1946. Mbali zaidi, Arizona State ina shahada ya uhandisi wa umeme ya mtandaoni yenye ithibati ya shirika la ABET la huko, kwa ada ya Kimarekani. Kwa uzamili, Georgia Tech walianzisha shahada ya sayansi ya kompyuta ya mtandaoni mwaka 2014 kwa ada isiyofika dola 7,000 kwa programu nzima, na Colorado Boulder wana uzamili wa uhandisi wa umeme kupitia Coursera ambao unaingia kwa kufaulu kozi za mwanzo. University of the People haitozi ada ya masomo kwa shahada ya kompyuta, ila kila mtihani una malipo yake. Yajumlishe kabla ya kuanza.

Na kabla ya kutoa hata shilingi, kuna barua mbili za kuandika. Ya kwanza ni kwa tume ya vyuo vikuu ya nchi yako, TCU kwa Tanzania, CUE kwa Kenya, kuuliza kama shahada hiyo, ikisomwa kwa njia ya mtandao, inatambuliwa. Usiulize kuhusu chuo tu, maana chuo kinaweza kutambuliwa na programu yake moja isitambuliwe. Ya pili ni kwa bodi ya wahandisi: ERB Tanzania, EBK Kenya. Hao ndio watakaoamua kama utaitwa mhandisi na kuweka sahihi kwenye michoro, na swali lao la kwanza litakuwa kuhusu maabara na mafunzo kwa vitendo: yalifanyika wapi, kwa saa ngapi, chini ya nani. Ambatanisha silabasi nzima ya programu, si kipeperushi cha matangazo. Wakikujibu kwa simu, washukuru, kisha waombe jibu hilohilo kwa maandishi, lenye tarehe na muhuri.